UZI: Muvi ya kauboi ya mwaka 1903, dakika kama 12 bila neno hata moja, na bibi yangu kaielewa yote

Mtoto wa Chumbageni
Wakuu salaam. Huu uzi nimeuahirisha muda mrefu, leo nimepata nafasi naushusha wote. Ni kuhusu muvi moja ya Marekani inaitwa The Great Train Robbery, ilipigwa Novemba 1903 ikatoka Desemba 1903, mwezi uleule ambao wale ndugu wakina Wright walirusha ndege yao. Kampuni ni ya Thomas Edison huyuhuyu wa balbu, ila aliyeitengeneza ni mfanyakazi wake anaitwa Edwin S. Porter, na huyo Porter ndo mtu ninayetaka tumuongelee maana jina la Edison limemfunika miaka yote.

Stori yenyewe ni nyepesi. Majambazi wanavamia stesheni ndogo, wanamlazimisha karani wa telegrafu aandike oda ya uongo ili treni isimame kuchukua maji, wanamfunga kamba, wanapanda treni, wanaua mlinzi wa behewa la mizigo, wanalipua sanduku la hela kwa baruti, wanashusha abiria wote mikono juu wanawapora, wanakimbia na kichwa cha treni, wanashuka porini wanachukua farasi wao. Huku nyuma karani anaokolewa, watu wanakusanyika, wanawafukuza, wanawamaliza. Kwisha. Sini 14 tu, na hamna maandishi yoyote katikati ya kukueleza nani ni nani.

Sasa kilichonifanya niandike. Mwaka jana nilikuwa kwa bibi Pangani, umeme umekatika, nina simu yenye chaji na hii muvi nilikuwa nimeshaishusha (haki zake ziliisha zamani, mtu yeyote anaipata bure). Nikamwambia bibi njoo uone sinema ya zamani kuliko wewe. Bibi hajawahi kukaa kwenye ukumbi wa sinema maisha yake yote, lakini marehemu babu alifanya kazi reli ya Tanga kwenda Moshi kwa hiyo treni anazijua hadi harufu. Nikaamua sisemi neno, naangalia tu atafika nayo wapi.

Alifika nayo mwisho wakuu. Majambazi walipopanda farasi wakapotea msituni, picha ikarudi kwa yule karani amelala sakafuni na kamba zake, bibi akasema, "Aaah, wametuacha wale, tumerudi stesheni."

Hiyo sentensi sijaisahau mpaka leo. Maana hivyo ndivyo bibi mwenyewe anavyosimulia hadithi, tangu tuko wadogo, anafika mahali sungura kajificha anakata hapo, anasema haya tuwaache hao huko, turudi kwa mzee fisi. Kile ambacho vitabu vya sinema vinakieleza kwa kurasa nyingi, kwamba unaweza kukata picha hapa ukaruka kwenda pengine na mtu asipotee, bibi yangu anacho toka kwa bibi yake. Porter yeye alikuwa anatafuta namna ya kukifanya kwa mkanda.

Ntaendelea, karibuni kwanza.

Kibanda Umiza 98
Mkuu umenigusa. Mi nimekulia kibanda umiza, muvi zote nimeangalia na sauti ya DJ juu yake anatafsiri, yani kuna muvi nikiziona leo bila DJ naona kama zimekatwa ulimi. Swali langu moja, hapo steringi nani?

Mtoto wa Chumbageni
Swali zuri sana hilo na jibu lake ni kwamba hayupo. Hamna steringi. Hakuna hata mtu mwenye jina. Kamera imekaa mbali, unaona mwili mzima wa kila mtu toka kofia mpaka buti kama uko jukwaani, sura huzioni vizuri, kwa hiyo unawatambua kwa nguo na kwa wanachofanya. Na wale tunaotembea nao muda mrefu zaidi ni majambazi, watu wa kuwafukuza wanakuja kuingia tayari robo tatu ya muvi imeshaisha. Watu wa siku hizi wakiangalia mara ya kwanza wanahangaika hapo, wanamtafuta wa kumshangilia hawamuoni.

Kuhusu DJ, hilo nalo lina ukweli wake huko huko Marekani. Miaka ile kwenye kumbi nyingi kulikuwa na mtu anasimama pembeni anaeleza picha, na mwingine anapiga piano. Ila hii muvi ilitengenezwa ili hata huyo mtu asipokuwepo uielewe. Hapo ndo nasema kazi ya Porter ilikuwa kubwa.

Dada wa Likoni
Kaka hongera kwa uzi, nami nazipenda hizi za kale. Lakini nataka tuelewane kitu, nimesoma mahali pengi kwamba hii ndiyo filamu ya kwanza duniani yenye hadithi, na ndiyo kauboi ya kwanza, na ndiyo ya kwanza kuonyesha mambo mawili yanayotokea kwa wakati mmoja. Mbona wewe hujayasema hayo?

Mtoto wa Chumbageni
Sijayasema makusudi dada yangu, maana yote matatu hayajakaa sawa na yanarudiwa kila mahali mpaka yananiuma.

Yenye hadithi ya kwanza si hii. Mfaransa Georges Méliès alishatoa ile safari ya kwenda mwezini mwaka 1902 na ina hadithi mwanzo mpaka mwisho. Porter mwenyewe mapema 1903 alishatoa ya zimamoto wanaokoa mama na mtoto. Kauboi ya kwanza pia si hii, kampuni hiyohiyo ya Edison mwaka 1899 ilishapiga kipande kifupi cha baa ya kule magharibi, na Uingereza mwaka huohuo walishapiga cha wahindi wekundu wanateka mtu. Halafu jambo ambalo wengi hawalifikirii, mwaka 1903 mtu akiingia kuangalia hii hakusema naenda kuangalia muvi ya kauboi, hicho kikundi cha muvi kilikuwa hakijapata jina. Alikuwa anaenda kuangalia ujambazi, treni na kufukuzana. Muvi za treni zilikuwa zinapendwa vibaya mno enzi zile, na Waingereza nao walikuwa wanatoa za wezi wanafukuzwa zikavuka bahari zikauzwa Marekani. Porter alichota huku na huku. Hata jina alilichukua kwenye tamthilia ya jukwaani ya Scott Marble ya mwaka 1896.

La tatu ndo tamu. Watu wanasema Porter alichanganya sini za sehemu mbili kwa pamoja, huku na kule, huku na kule. Iangalie tena taratibu utaona hafanyi hivyo. Anafuata majambazi moja kwa moja, stesheni, tangi la maji, behewa, juu ya makaa, abiria, kukimbia, msitu, farasi. Ndo anawaacha. Anarudi stesheni kwa karani mara moja tu, na ukipiga hesabu utajiuliza, huyu karani amelala hapo muda wote ule? Au saa imerudishwa nyuma? Muvi haikuambii. Ni kama bibi vile, tuwaache hao turudi huku, na wewe msikilizaji unaelewa kwamba huku nako mambo yalikuwa yanaenda wakati tuko kule. Hiyo ya huku na kule ya haraka haraka ilikuja kukomaa baadaye mikononi mwa watu wengine.

Kwa hiyo mi sihitaji iwe ya kwanza kwa chochote ndo niipende.

Fundi wa Kuediti
Mkuu mimi ndo kazi yangu hii, naediti video za harusi na matangazo. Nimeifungua sasa hivi kwa sababu yako. Sini ya kwanza kabisa pale ofisini, dirishani inaonekana treni inaingia inasimama. Nilidhani wamepiga stesheni ya kweli, afu nikaangalia tena nikaona ukuta ni pazia limechorwa! Hata saa ya ukutani imechorwa! Sasa treni imeingiaje hapo mwaka 1903 wakati hakuna kompyuta? Na kule kwenye behewa mlango uko wazi miti inapita nje.

Mtoto wa Chumbageni
Fundi umeona haraka kuliko wengi. Hiyo ofisi ni studio ya Edison pale New York. Ilivyofanyika ni kwamba unapopiga waigizaji unaziba sehemu ya dirisha iwe nyeusi, kwa hiyo kwenye mkanda ile sehemu inabaki haijaguswa na mwanga. Afu unaurudisha mkanda nyuma, unaziba sehemu yote iliyobaki, unaenda kupiga treni ya kweli iingie palepale dirishani tu. Mkanda uleule umepita mara mbili. Ukikosea urefu, treni inafika wakati mwigizaji ameshaondoka, na huna cha kufuta, unaanza upya. Kamera yenyewe unazungusha mkono.

Nje walipiga New Jersey, kwenye reli ya Lackawanna na msitu wa hifadhi huko huko. Yani hiyo magharibi yote ya farasi na majambazi iko jirani na New York, upande wa mashariki kabisa wa nchi.

Ukiwa nayo hapo angalia na sini ya nne, juu ya behewa la makaa. Jambazi anapigana na yule mtia makaa, anamlaza chini, anachukua bonge la kaa anampiga kichwani, afu anamnyanyua anamtupa nje ya treni inayokimbia. Simamisha palepale kabla hajanyanyuliwa. Kamera ilizimwa, mtu akatoka, likawekwa sanamu la nguo, kamera ikawashwa. Bibi yangu hakuona mkato, alishika mdomo.

Fundi wa Kuediti
Nimerudi. Nimeiona, kuna kijiruko kidogo sana. Nimekaa nimeangalia hiyo sekunde zaidi ya mara kumi. Na nimeona kingine, majambazi wanaposhuka kwenye kichwa cha treni kuingia msituni kamera inageuka inawafuata mpaka wanateremka bondeni. Zile sini nyingi kamera imesimama kama mti, pale inaamka. Aisee pale nimejisikia vizuri moyoni, kama vile nimemuona mwenye kamera mwenyewe.

Mzee wa Kijiti
Vijana hamjambo. Niongeze kidogo. Msiisahau hali ya wakati ule. Ujambazi wa treni haukuwa hadithi ya kale kwa Wamarekani hao, ilikuwa habari ya gazeti. Genge la Butch Cassidy lilikuwa linapora treni za Union Pacific mwaka 1899 na 1900, na yeye na mwenzake Sundance Kid walikimbilia Amerika Kusini mwaka 1901. Miaka miwili baadaye ndio sinema hii. Mtu aliyekaa kwenye ukumbi huenda wiki iliyopita alisafiri kwa treni na mkewe na mkoba wa fedha. Anapoona abiria wamepangwa mstari mrefu kando ya reli mikono juu, anajiona mwenyewe mle.

Mtoto wa Chumbageni
Shikamoo mzee wangu, ahsante sana kwa hili. Na ile sini ya abiria imechukua muda mrefu kweli, mstari hauishi, mmoja mmoja anavuliwa alichonacho, mpaka mmoja anajaribu kukimbia kuelekea kwenye kamera, yani anakuja upande wetu, anapigwa risasi anaanguka. Kwa mtu wa wakati ule naamini alihisi hata yeye hana pa kukimbilia.

Msomaji wa Usiku
Huyo anayekimbia akapigwa risasi ndo G. M. Anderson, ngoja nimalizie stori yake maana nampenda. Jina la kuzaliwa ni Max Aronson, mzaliwa wa Little Rock, Arkansas. Kwenye hii muvi kacheza nafasi zaidi ya moja, ni huyo abiria, na pale kwenye ukumbi wa dansi ni yule mgeni wa mjini anayelazimishwa kucheza huku wanampigia risasi miguuni. Inasimuliwa alimwambia Porter anajua kupanda farasi na farasi akamuangusha.

Jamaa hakukata tamaa. Mwaka 1907 alifungua kampuni na George K. Spoor, wakaiita Essanay, yani herufi za majina yao S na A zikitamkwa. Akaenda kutengenezea muvi California, kijiji cha Niles, akawa anacheza kauboi anaitwa Broncho Billy kwenye muvi fupi fupi mamia. Kibanda Umiza 98 uliuliza steringi yuko wapi, steringi ndo huyu, alikuwa anaanguka pembeni ya reli kwenye muvi isiyo na steringi, baadaye akawa steringi wa kwanza mkubwa wa kauboi. Mwaka 1958 wakampa Oscar ya heshima, kazeeka, amefariki 1971.

Kibanda Umiza 98
Hii imenipa nguvu sana leo, sijui kwa nini. Yani kaanguka na farasi afu akarudi kuwa kauboi.

Dada wa Likoni
Mimi nimeguswa na yule mtoto. Nimeiangalia tena jana usiku. Karani anajikokota mpaka mezani, mikono imefungwa nyuma, anapiga telegrafu kwa kidevu, anazimia. Anaingia binti yake mdogo na kikapu cha chakula. Anamuona baba, anapiga magoti anaomba, anakata kamba, anammwagia maji usoni. Filamu nzima wanaume wana bastola wanauana, na anayegeuza mambo ni mtoto aliyeleta chakula.

Mtoto wa Chumbageni
Dada hapo hapo ndo bibi aliongea zaidi kuliko kote. Alisema, "Kamletea baba yake chakula huyo, angechelewa leo je." Na mtoto alipopiga magoti kuomba bibi akasema amina, kwa sauti, peke yake gizani. Kidevu nacho alikishangilia, maana babu alishamwambia habari za zile nukta na mistari za telegrafu. Na mnajua Porter mwenyewe kabla hajaingia kwenye sinema aliwahi kufanya kazi ya telegrafu? Nikiiona ile sini nawaza lazima alijua uzito wa kile kitufe ukikibonyeza na kidevu.

Na kitu kingine Porter alikuwa nacho ambacho watu hawakipi thamani. Alianza kama mtu wa kuonyesha picha ukumbini, pale Eden Musée New York. Enzi hizo anayeonyesha ndo anayepanga, unanunua vipande vifupi vifupi, unaamua kipi kianze kipi kifuate ili watu wapate maana. Kwa hiyo kazi ya kuunganisha aliijua akiwa upande wa watazamaji, anasikia wanavyopumua. Alipopewa kamera alishajua picha mbili zikikaa jirani zinasemezana.

Mfano mzuri ni baada ya mtoto. Picha inakata inaenda ukumbi wa dansi, watu wanacheza, wanacheka, wanamfanyia fujo yule mgeni. Haina haraka. Bibi akakasirika kweli, "Hawa nao wanacheza ngoma, watu wamekufa huko!" Ndicho Porter alichotaka. Sisi tunajua, wao hawajui, tunangoja mlango ufunguke. Karani anaingia anayumba, ngoma inakatika, bunduki zinachukuliwa. Kuna kopi zilipakwa rangi kwa mkono picha moja moja, magauni ya wanaocheza yana rangi na moshi wa bastola na mlipuko wa baruti vina rangi, sehemu kubwa iliyobaki ni nyeusi na nyeupe.

Mzee wa Kijiti
Iliingiza fedha nyingi?

Mtoto wa Chumbageni
Sana mzee. Ilizunguka miaka. Mwaka 1905 kule Pittsburgh walipofungua ukumbi wa kiingilio senti tano na kumbi kama hizo zikaota kila mji, hii ilikuwa mali ya uhakika, mwenye ukumbi akiwa nayo amelala usingizi. Na iliibiwa pia, Siegmund Lubin wa Philadelphia mwaka 1904 alipiga yake sini kwa sini karibu ileile na jina lilelile. Porter naye 1905 akatengeneza nyingine ndogo ya utani, majambazi ni watoto.

Fundi wa Kuediti
Mbona imebaki safi hivi wakati mikanda ya zamani inaungua na kuoza?

Mtoto wa Chumbageni
Kuna hadithi nzuri hapo kuhusu muvi za miaka ile kwa ujumla. Sheria ya hakimiliki ya Marekani mpaka 1912 ilikuwa haitambui muvi, inatambua picha za kawaida. Kwa hiyo makampuni yalikuwa yanachapa mkanda wote kwenye karatasi, marola na marola ya karatasi, yanapeleka Maktaba ya Bunge Washington kusajili kama picha. Mikanda yenyewe ya nitrati (ile ya zamani inayoshika moto haraka) iliyobaki mitaani ikaungua ikaoza, karatasi zikakaa kwenye stoo. Miongo mingi baadaye wakazipiga picha upya moja moja zikarudi kuwa muvi, kama 3,000 hivi zimeokolewa kwa njia hiyo. Na hii yetu mwaka 1990 iliwekwa kwenye orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa.

Dada wa Likoni
Kaka hujagusia ile picha ya mwisho, au unaiweka akiba?

Mtoto wa Chumbageni
Naiweka akiba kweli dada. Sini ya 14. Majambazi wote wameshauawa msituni, mifuko iko chini. Afu ghafla anatokea kiongozi wao, mwigizaji Justus D. Barnes, karibu kabisa, kifua na kichwa tu, sharubu, kofia, anakuangalia wewe, ananyanyua bastola, anakupiga risasi. Ndiyo sura pekee tunayoiona kwa karibu muvi nzima. Na kwenye katalogi ya Edison waliandika kwamba mwenye ukumbi anaweza kuiweka mwanzo au mwisho, apendavyo. Fikiria muvi imetoka kiwandani na kipande kimoja hakina pa kukaa, mwenye ukumbi ndo anaamua.

Mimi ni wa mwisho, sibadiliki. Nyie je?

Kibanda Umiza 98
Mwanzo! Watu wakae wima tangu dakika ya kwanza.

Fundi wa Kuediti
Mwisho. Mwanzo ni tangazo tu, mwisho inakufuata mpaka nyumbani.

Dada wa Likoni
Nimefanya jaribio. Nina vijana wawili, mmoja ana miaka tisa mmoja sita. Mkubwa nikamuwekea na picha ile mwisho, mdogo nikamtenga nikamuwekea kopi ambayo iko mwanzo. Mkubwa risasi ilipopigwa aliruka nyuma afu akacheka, akaenda zake. Mdogo aliangalia filamu nzima akimtafuta yule wa sharubu. Kila jambazi akitokea, "Mama ni huyu?" Nyuso hazionekani, ninamwambia sijui mwanangu, angalia vizuri. Mpaka wamekufa wote bado anamtafuta.

Mtoto wa Chumbageni
Dada umenifanya nifikirie upya, nakiri. Kwa mtoto wako mwanzo imefanya kazi ambayo sikuwa nimeiona kabisa.

Bibi mimi nilimuwekea mwisho. Barnes alipotokea na kunyanyua bastola, bibi hakuruka wala hakucheka. Alisogeza simu karibu na macho, akaniuliza, "Mjukuu wangu, huyu si alikufa sasa hivi?" Nikamwambia ndiyo bibi, alikufa. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi rudisha, nimtazame alipofia."

Nikarudisha. Chaji ilikuwa imebaki asilimia 9.